Kambare kwenye tangi la kioo: pima maji, usingoje samaki alalamike

Swali limetoka kwa mwalimu wa shule ya msingi mjini Busia, upande wa Uganda. Nimelifupisha:

"Kijana wangu wa darasa la sita alikwenda Majanji na wajomba zake, akarudi na vifaranga kumi wa kambare. Waliwanunua kwa watu wanaouza chambo cha sangara. Tumewaweka kwenye beseni. Hii ni wiki ya pili, wawili hawaonekani na wengine mikia imekatika. Nataka nimtengenezee tangi la kioo sebuleni. Fundi wa vioo anasema futi mbili zinatosha. Kweli zinatosha? Nahitaji mashine gani, niwalishe nini, na kwa nini wanakulana?"

Mwalimu, nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo linalotaka kazi jioni hii hii. Wanakulana kwa sababu wana njaa na hawalingani. Mzalishaji wa vifaranga huwachambua mara kwa mara, wakubwa kando, wadogo kando. Muuza chambo hana haja hiyo, kwa kuwa wote wanaishia kwenye ndoana za sangara. Kambare mdogo anayemzidi mwenzake kidogo humng'ata mkia. Akimzidi zaidi, kiasi kwamba kichwa cha mwenzake kinaingia mdomoni, humshika kuanzia kichwani na kummeza mzima. Ndiyo maana una mikia iliyokatika na pia una wawili waliopotea bila hata mfupa kubaki. Hata hivyo, chungulia nyuma ya kabati na chini ya makochi. Kambare huruka nje ya chombo usiku, na ngozi yake ikiwa bado na unyevu hujiburuza mbali kuliko unavyodhani.

Kwa hiyo leo mtoe yule mkubwa kuliko wote, na wa pili wake kama naye amewaacha wenzake sana, uwaweke ndoo nyingine. Walishe wote jioni, washibe. Funika vyombo kwa wavu au kitambaa kizito kilichofungwa kamba, hewa ipite. Badilisha nusu ya maji kila siku. Kama ni maji ya bomba ya National Water, yana klorini, inayounguza mashavu ya samaki na kuua bakteria ambao nitakueleza habari zao sasa hivi. Yaache siku moja au mbili kwenye ndoo au beseni lenye mdomo mpana kabla ya kuyatumia. Jerikeni halifai kwa kazi hii, mdomo wake ni mwembamba na klorini haitoki upesi.

Sasa tangi. Ninaloomba uniamini ni hili: usinunue kioo leo na kuwahamishia samaki kesho. Tangi jipya lenye maji maangavu ni mahali pabaya zaidi pa kumweka samaki, ingawa kwa macho linapendeza kuliko litakavyopendeza tena. Samaki hutoa amonia kupitia mashavu yake, na chakula kilichobaki kikioza huongeza nyingine. Amonia ni sumu. Wapo bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, halafu wapo wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi kikubwa zaidi. Bakteria hao huota juu ya sponji, mchanga na mawe. Kwa joto la huko kwenu huchukua kama wiki nne hadi sita hadi wawe wengi wa kutosha. Hakuna anayewaona, na hakuna tangi linalokaa bila wao.

Wewe tayari una samaki, kwa hiyo tutumie hali hiyo. Tafuta pipa la plastiki la lita 100 au zaidi, lililowahi kuwekwa maji tu, si mafuta wala dawa ya shamba. Wahamishie humo vifaranga wanaolingana. Nunua mashine ndogo ya hewa na kichujio cha sponji. Maduka ya samaki wa mapambo Kampala yanavyo, na kichujio hicho hata kijana wako anaweza kukitengeneza kwa kipande cha bomba la plastiki lililotobolewa matundu, sponji iliyovishwa juu yake, na mpira wa hewa ulioingizwa ndani ya bomba. Hewa ikipanda huvuta maji kupitia sponji. Kiwashe leo, kisizimwe usiku wala mchana. Wakati fundi anakata vioo na gundi inakauka, sponji hii inaota bakteria kwenye pipa. Tangi likiwa tayari, samaki na sponji wanahama pamoja siku ile ile, sponji ikiwa mbichi na chafu vilevile. Umeokoa mwezi mzima.

Futi mbili hazitoshi. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30 linachukua lita zisizozidi 54, na kambare wa maziwani na mabwawani kwenu, yule ambaye Waganda wanamwita male na jirani zenu wa upande wa pili mumi, hukua kupita mita moja. Bwawani, akilishwa vizuri, hufika nusu kilo au zaidi katika miezi sita hadi minane. Mwambie fundi akukatie sentimita 120 urefu, 50 upana na 50 kimo. Upana ndio mafundi wengi wanaoubania ili kuokoa kioo, na ndio samaki huyu anaouhitaji kuliko kimo, kwa sababu anaishi chini na lazima aweze kugeuka bila kukunja mgongo. Kioo kiwe cha milimita 10, chenye vipande vya kukaza juu. Silikoni iwe ile tupu inayonuka siki wakati inakauka. Ile ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu inaua samaki. Iache wiki nzima ikauke, kisha lijaze tangi nje uani, lilale na maji siku mbili, ndipo liingie ndani.

Ujaze hadi sentimita 40 tu. Zile 10 zinazobaki juu ni za hewa, na nitaeleza kwa nini. Hapo una lita 240 za maji, na ukijumlisha kioo na mchanga uzito unapita kilo 300. Kabati la televisheni halibebi uzito huo. Mchomeleaji akutengenezee meza ya chuma, ikae juu ya sakafu ya saruji, uipime kwa pimamaji pande zote, na kati ya chuma na kioo uweke ubao na juu yake karatasi nene ya sponji. Punje moja ya kokoto chini ya kioo inatosha kukipasua baada ya miezi.

Mfuniko uwe mzito, na juu yake weka jiwe. Tundu linalopitisha mpira wa hewa liwe dogo kama mpira wenyewe. Watu hunicheka ninaposisitiza jiwe, lakini karibu kila mtu aliyeniambia kambare wake "amekufa tu" alimkuta sakafuni.

Ndani, weka mchanga laini uliosuuzwa hadi maji yawe meupe, unene wa vidole viwili. Changarawe yenye makali inakwangua sharubu zake nane, na sharubu ndizo anazotafutia chakula gizani. Kabla ya kuweka jiwe lolote lidondoshee siki: likitoa povu, ni la chokaa, litapandisha pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi ya maji, na pH ikipanda amonia ile ile inakuwa kali zaidi. Kwa maficho, bomba la plastiki la inchi nne kwa sasa na la inchi sita baadaye, au chungu kilichovunjika mdomo, kingo zake zikiwa zimesuguliwa. Mimea ya kuota mchangani atakung'olea yote, usihangaike. Taa iwe hafifu. Huyu ni samaki wa usiku, na ukimwangazia sana atashinda ndani ya bomba, kijana wako asimwone kamwe.

Usichote mchanga, magugu wala maji ziwani kwa ajili ya tangi hili. Najua Majanji ni karibu na vyote hivyo ni vya bure. Konokono wadogo wanaoganda kwenye magugumaji ya Ziwa Victoria ndio wanaobeba kichocho, na mtoto atakayeingiza mkono tangini kila siku ndiye atakayekipata. Mchanga nunua wa mto uliokauka juani, uusuuze kwa maji ya moto. Magugu acha kabisa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo linawaponza wengi, hata watu waliowahi kufuga samaki wengine. Kila mama aliyewahi kusafisha kichwa cha kambare jikoni ameona, nyuma ya mashavu, vile vijitawi vyekundu vilivyochanua pande zote mbili. Hicho ni kiungo cha kupumulia hewa ya kawaida. Kambare hupanda juu, hugusa uso wa maji, humeza hewa na kushuka. Ndiyo sababu ya zile sentimita 10 chini ya mfuniko, na ndiyo sababu muuza chambo anaweza kumsafirisha kwenye kopo la maji ya matope safari nzima akafika mzima. Sato angekufa ndani ya saa chache kwenye maji hayo.

Uwezo huo ni neema kwake, lakini unamficha mfugaji hali halisi. Samaki wengine wakikosa hewa majini wanahema juu na unajua kuna shida. Kambare hupanda kuhema kila siku hata maji yakiwa mazuri, kwa hiyo huwezi kusoma chochote hapo. Maji yanaweza kuwa yameoza, amonia imepanda, na yeye bado anakula na kukimbilia kidole chako. Kuishi kwake si ushahidi kwamba anaishi vizuri. Anaumia kimya wiki nzima, mbili, tatu, halafu siku moja unamkuta amesimama wima kichwa juu, na wakati huo mara nyingi umechelewa.

Kwa hiyo pima maji. Tafuta vipimo vya amonia, nitriti, nitrati na pH, vya matone au vya vijikaratasi. Vya matone ni sahihi zaidi. Wiki sita za kwanza pima kila baada ya siku mbili, na huyo kijana wa darasa la sita awe na daftari lake: tarehe, joto, namba nne, na alichokula samaki. Atajifunza sayansi ambayo hakuna mtihani utakaomfundisha. Amonia na nitriti ziwe sifuri. Zikionekana hata kidogo, badilisha theluthi moja ya maji siku hiyo hiyo na upunguze chakula kwa nusu. Nitrati ikipita miligramu 40 kwa lita, unabadilisha maji kwa uchache mno. pH kati ya 6.5 na 8 inamfaa. Joto la 25 hadi 30 ndilo analolipenda, na sebuleni kwenu Busia hamko mbali na hapo bila kipasha joto. Ungekuwa unaniandikia kutoka Kabale ningekuambia ununue kipasha joto kwanza kabla ya samaki.

Ukitumia maji ya mvua ya kwenye mabati, yachanganye nusu kwa nusu na ya bomba. Peke yake hayana madini ya kushikilia pH, inaweza kushuka ghafla. Ya kisima kirefu yapulize kwa mashine ya hewa siku nzima kwanza.

Nitriti ikipanda wakati bakteria bado ni wachache, chumvi husaidia. Nitriti huharibu uwezo wa damu kubeba hewa, na chumvi huizuia isiingie mwilini kupitia mashavu. Gramu moja kwa kila lita inatosha: ikoroge kwenye ndoo kwanza, imimine taratibu kwa saa kadhaa. Tumia chumvi ya kawaida ya mezani. Ile ya mawe ya Ziwa Katwe ina magadi na madini mengine ndani yake, itapandisha pH wakati ambao huitaki kabisa ipande.

Nje ya vipimo, angalia sharubu. Kambare mwenye maji mazuri ana sharubu ndefu, nyembamba hadi nchani. Zikianza kufupika, kuwa butu au kuwa nyeupe nchani, au tumbo likawa na madoa mekundu, au ngozi ikafunikwa na ute wa kijivu, hakuna dawa utakayonunua dukani itakayofanya kazi kuliko kubadilisha maji.

Chakula. Tembe za kambare zenye protini ya asilimia 35 hadi 40 ndizo msingi. Vifaranga wape mara mbili au tatu kwa siku, wakifika urefu wa kiganja mara moja tu, jioni, kiasi wanachomaliza kwa dakika tano. Kinachobaki kitoe. Nunua kidogo kidogo, funga mfuko vizuri, weka mahali pakavu pasipo joto, na usikae na mfuko mmoja zaidi ya miezi mitatu. Vitamini C ndani ya tembe hupotea kadiri zinavyokaa, na kambare anayeikosa kwa muda mrefu hupasuka mfupa wa kichwa. Wafugaji wa mabwawa wanaujua ugonjwa huo. Minyoo ya ardhini kutoka bustani isiyopigwa dawa ni zawadi nzuri, mara moja au mbili kwa wiki. Mukene (dagaa) wakavu wanafaa wakilowekwa kwanza, mradi wasiwe wa chumvi. Usiwape posho (ugali) wala mkate, na hasa usiwape utumbo wa kuku. Najua kwenye mabwawa watu wanaumwaga kwa madebe. Bwawa lina udongo, mwani na maji mengi, lita zako 240 zitanuka kabla ya asubuhi.

Kila wiki badilisha robo ya maji. Sponji ikiziba, ikamue ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa tangini, usiipeleke bombani, maana klorini itaua bakteria wote na utaanza upya. Tangi likishapata samaki wakubwa, ongeza sponji ya pili au pampu inayozungusha maji yote mara nne hadi tano kwa saa. Kambare ni mchafuzi mkubwa.

Umeme ukikatika, na utakatika, au Yaka, umeme wa kulipia kabla, ikiisha usiku, kambare wenyewe hawatakufa kwa kukosa hewa. Wanaokufa ni bakteria kwenye sponji, wanaohitaji maji yenye hewa yapite. Saa mbili tatu si neno. Ukipita usiku mzima, suuza sponji kwa maji ya tangi kabla ya kuwasha tena, usilishe siku hiyo, na upime amonia siku mbili zinazofuata. Mashine ya hewa iweke juu kuliko usawa wa maji: ikiwa chini, umeme ukizima maji hurudi kwa mpira hadi ndani ya mashine. Na kila waya uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda kuingia, ili tone likiteremka lidondoke sakafuni badala ya kufuata waya hadi kwenye umeme.

Wangapi? Kwenye tangi hili ningeweka watatu wanaolingana hadi wafike urefu wa kiganja na vidole, kisha abaki mmoja. Wengine mpe mtu mwenye bwawa. Usiwarudishe mtoni wala ziwani, hata kama kambare ni wa huko huko. Samaki aliyepita kwenye mikono ya wauzaji, mapipa na matangi anaweza kubeba magonjwa ambayo wa porini hawana. Ukitaka baadaye kuanza na vifaranga waliochambuliwa vizuri, kituo cha utafiti wa ufugaji samaki cha Kajjansi, kwenye barabara ya Kampala kwenda Entebbe, ndipo pa kuulizia wazalishaji wa kuaminika. Usimchanganye na samaki yeyote anayeingia mdomoni mwake. Na usitegemee watazaa: porini huzaa mvua zikifurika nyasi za kingoni, na wazalishaji humchoma jike sindano ya homoni ndipo atoe mayai.

Mwambie kijana mapema, kabla hajampa jina, kwamba samaki huyu ataondoka. Akizidi sentimita 40, tangi limemshinda. Kumwacha humo kwa sababu "bado anakula" ni kumtesa, na haki yake ni kupelekwa kwenye bwawa au tangi la saruji lenye maelfu ya lita, au jikoni, kama kwenu mnakula samaki asiye na magamba. Wapo jirani zenu wasiomla kwa dini zao, kwa hiyo uliza kabla ya kumzawadia mtu.

Tangi halitabaki tupu. Siku hiyo ningewaletea gogogo, yule Waganda wanamwita nkolongo. Naye ni wa jamii ya kambare kwa upana wake, ana sharubu, yumo Ziwa Victoria, lakini ni mdogo kwake mara nyingi, na kioo cha sentimita 120 kinamtosha maisha yake yote. Anahitaji maji yenye hewa zaidi, kwa kuwa hana kile kiungo cha kuvuta hewa ya juu, na sponji yenu itakuwa imekomaa kumtunza. Mkimtoa majini atatoa mlio wa kukwaruza kwa kusugua miba ya mapezi yake kwenye maungio, na watoto hufurahi sana. Ila msimchote kwa wavu: miba hiyo husimama na kujifunga, inanasa kwenye nyuzi, na kuichomoa ni kumchana. Mchote kwa bakuli.